UZI: Wachoraji walioshikwa na makanisa makuu ya Ulaya, na mafundi vioo ambao majina yao hatuyataji

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni. Nashusha uzi mrefu kuhusu jambo ninalolipenda sana: wachoraji wa Ulaya walioshikwa na makanisa makuu ya miji. Wengine waliyachora kwa brashi wakiwa ng'ambo ya barabara, wengine waliingia ndani wakayatengenezea madirisha ya vioo vya rangi. Nitakwenda kwa vipande, mwenye swali aulize humu humu.

Kilichonisukuma kuandika ni kwamba kila ukisoma habari za madirisha haya unakutana na jina moja tu, la mchoraji. Dirisha la Chagall. Dirisha la Richter. Lakini Chagall hakuwa fundi wa kukata kioo wala kukiunga kwa risasi, ile metali laini. Kazi hiyo ina wenyewe, na kila tutakapofika zamu yao nitawataja.

Tuanze na aliyebaki nje.

Mwaka 1892 Claude Monet alikwenda Rouen, mji wa kaskazini mwa Ufaransa kwenye mto Seine, akapanga chumba kinachotazamana na uso wa kanisa kuu. Alirudi tena mwaka 1893. Hakuchora picha moja akamaliza. Alikuwa na turubai nyingi kwa wakati mmoja, na kila nuru ilipobadilika aliweka pembeni aliyokuwa nayo akachukua nyingine inayolingana na saa hiyo. Uso wa kanisa lile unatazama magharibi. Asubuhi jua linachomoza nyuma yake, kwa hiyo mawe yote yako kivulini, na picha za saa hizo ni za buluu na kijivu. Jua likishavuka paa, mawe yaleyale yanageuka dhahabu, kisha chungwa. Mawe hayajasogea hata kidogo, ila ukiziweka picha mbili pamoja unaona kama majengo mawili tofauti.

Kazi ile ilimtesa. Alimwandikia Alice, ambaye baadaye alimuoa, kwamba usiku ameota jinamizi, kanisa linamwangukia, na lilionekana buluu, au waridi, au njano. Alizimalizia picha nyumbani kwake Giverny, na nyingi zina tarehe ya 1894. Zipo zaidi ya 30. Mwezi Mei 1895 alionyesha 20 Paris kwa mfanyabiashara wa sanaa Durand-Ruel, na Georges Clemenceau, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu, akaandika makala ndefu gazetini kuzisifu na kulalamika kwamba serikali inaziacha zitawanyike. Zikatawanyika kweli. Leo makumbusho ya Orsay, Paris, yana tano.

Zitazame vizuri hizo picha. Anga ni kipande kidogo tu, watu karibu hawapo. Monet hakwenda pale kuhubiri dini. Alichokuwa anakifuata ni nuru, na kanisa lilimfaa kwa sababu mawe yake yamechongwa mikunjo mingi kiasi kwamba kila mkunjo unaipokea nuru kwa namna yake.

#2 Mchangiaji

Mkuu, shusha. Swali langu: kwenye hivyo vioo, rangi inapakwa juu kama ya ukutani, au imo ndani ya kioo chenyewe? Mimi nasali Mtakatifu Yosefu hapa Dar, vipo nyuma ya altare, na miaka yote najiuliza mbona havichuji.

#3 Mwanzisha uzi

Swali zuri, na limenirahisishia kipande cha pili.

Rangi imo ndani ya kioo. Karne ya 12 mtawa mmoja aliyejiita Theophilus aliandika kitabu cha ufundi, na humo ameeleza kazi yote kuanzia mwanzo. Unachanganya mchanga na majivu ya miti, unayeyusha kwenye tanuri. Madini ndiyo yanayoleta rangi: kobalti inatoa buluu, shaba inatoa nyekundu au kijani kutegemea moto ulivyo, manganizi inaelekea zambarau. Nyekundu ilikuwa na matatizo yake. Kioo chekundu kikiwa kinene kinakuwa cheusi, nuru haipiti, kwa hiyo mafundi walijifunza kulaza tabaka jembamba sana la nyekundu juu ya kioo cheupe.

Halafu mchoro. Fundi alichukua ubao mkubwa, akaupaka chokaa, akachora dirisha zima kwa ukubwa wake halisi. Vipande vya kioo vilikatwa kuufuata mchoro ule: chuma cha moto kinapasua kioo, kisha chombo kingine cha chuma kinamegamega kingo mpaka kipande kikae sawasawa. Nyuso, vidole na mikunjo ya nguo ndivyo vilivyopakwa juu, kwa rangi nyeusi ya unga wa shaba iliyochomwa na kioo kilichosagwa, ikakorogwa kwa divai au mkojo. Kisha kioo kinarudi kwenye tanuri, na ile nyeusi inashikamana nacho moja kwa moja. Mwisho vipande vinaungwa kwa vijiti vya risasi na kulehemiwa kwa bati.

Ndiyo maana hakichuji, mkuu. Jua la miaka 800 haliwezi kufuta kilichoyeyushwa ndani. Kinachokisumbua kioo ni unyevu, ukungu, masizi na mawe ya watoto.

Ukitaka kuona ufundi huu ulipofika kileleni, ni Chartres, kusini-magharibi mwa Paris. Kanisa la zamani liliungua mwaka 1194. Walipojenga upya walijaza vioo karibu mita za mraba 2,600, na vingi ni vya miaka 30 au 40 ya mwanzo wa karne ya 13. Dirisha moja, Bikira Maria wa buluu wanayemwita Belle Verrière, sehemu yake ya katikati ni ya karibu 1180 na ilinusurika moto ule. Ninachokipenda zaidi pale kiko chini, pembeni ya watakatifu: waoka mikate wakiwa kazini, washona viatu, wauza manyoya, waseremala. Watu wa mji wamo ndani ya dirisha. Lakini waliovitengeneza vioo vyenyewe hatujui waliitwa nani.

#4 Mchangiaji

Kumbe hata huko mafundi walisahaulika tangu zamani. Sasa uhusiano wa hao na wachoraji wa turubai uko wapi? Naona ni kazi mbili tofauti kabisa.

#5 Mwanzisha uzi

Zilikuwa zimetengana kweli, na zilikutana tena kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mtu mmoja, ya pili ni ya mabomu.

Mtu huyo ni Georges Rouault. Alizaliwa Paris Mei 1871, siku ambazo mji ulikuwa ukipigwa mizinga wakati wa Komuni, yaani uasi wa wakazi wa Paris dhidi ya serikali. Alipokuwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi kwa mafundi waliokarabati madirisha ya zamani ya makanisa. Alishika vioo vya kale kwa mikono yake akiwa bado kijana mdogo. Baadaye akawa mchoraji mkubwa, na hata usipoambiwa historia yake unaiona kwenye turubai: mistari minene myeusi inayozunguka kila uso, na katikati yake rangi inayowaka. Mistari ile ni risasi ya dirisha. Miaka ya 1940 kanisa jipya la Assy, kwenye milima ya Alps, liliweka madirisha yaliyotokana na kazi zake, yeye akiwa mzee.

Wengine walivutwa na miji bila kupitia karakana. Robert Delaunay alichora ndani ya kanisa la Saint-Séverin, Paris, mwaka 1909 na 1910, nguzo zinapinda na sakafu inabeba rangi za madirisha, kisha akahamia Mnara wa Eiffel akaupasua vipande kwa mtindo uleule. Lyonel Feininger alichonga kwenye ubao picha ya kanisa kuu lenye nyota tatu, nayo ikawa jalada la tangazo la Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu ya Ujerumani, mwaka 1919. Hao nawapita haraka kwa sababu nataka tufike Reims.

#6 Mwanzisha uzi (naendelea)

Reims ndiko walikotawazwa wafalme wengi wa Ufaransa. Tarehe 19 Septemba 1914 mizinga ya Wajerumani ililipiga kanisa kuu. Jukwaa la mbao lililokuwa limezungushwa kwenye mnara kwa ajili ya ukarabati likashika moto, moto ukapanda paa, na risasi ya paa ikayeyuka ikamwagika kupitia midomo ya zile sanamu za kutolea maji ya mvua. Vita viliendelea miaka minne na kanisa likaendelea kupigwa. Sehemu kubwa ya vioo vya kale ilipotea.

Hapa ndipo inapoingia familia ya Simon, mafundi vioo wa mji ule kwa vizazi na vizazi. Jacques Simon ndiye aliyeongoza kazi ya kuvirudisha vioo, na aliweza kwa sababu wazee wake walikuwa wamenakili michoro ya madirisha kabla ya vita. Fikiria jambo hilo, wakuu. Babu anakaa ananakili dirisha zima akiwa hana habari kwamba litapigwa, na mjukuu anakuja kuitumia nakala ile.

Binti wa Jacques, Brigitte Simon, naye alikuwa fundi na mchoraji. Aliolewa na Charles Marq, na wawili hao ndio waliokuja kuiendesha karakana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Marc Chagall alipewa madirisha ya kanisa kuu la Metz, mashariki mwa Ufaransa, na ndipo alipoanza kufanya kazi na Marq. Chagall alikuwa na miaka kama 70. Hawakuachana mpaka mwisho.

Tatizo la Chagall lilikuwa hili: kwenye turubai zake rangi inatiririka, buluu inaingia kwenye kijani bila mpaka. Kioo cha kawaida hakikubali hivyo, kila rangi inataka kipande chake na kila kipande kinataka risasi yake. Marq alibuni namna ya kulaza rangi kwa matabaka na kuzipunguza, kiasi kwamba kipande kimoja kiliweza kubeba hadi rangi tatu bila kukatwa na mstari wa risasi. Bila hilo, madirisha ya Chagall tunayoyajua yasingekuwepo. Yeye mwenyewe alikuja karakana akapaka mistari ile ya kijivu na nyeusi juu ya kioo kwa mkono wake, hivyo simpunguzii chochote. Ninachosema ni kwamba kila dirisha lile limezaliwa na wazazi wawili.

#7 Mchangiaji

Samahani mkuu, Chagall si Myahudi? Ilikuwaje Wakatoliki wakampa kazi ndani ya kanisa lao kuu?

#8 Mwanzisha uzi

Ndiyo, Myahudi, alizaliwa 1887 upande wa Vitebsk, ambako leo ni Belarusi, na mwaka 1941 alilazimika kuikimbia Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wanazi. Alizichukua hadithi za Biblia kuwa zake tangu utotoni: Ibrahimu, Yakobo, Musa, Daudi. Sinagogi la hospitali ya Hadassah, Yerusalemu, lina madirisha yake 12 ya makabila ya Israeli, na hayo pia yalitengenezwa Reims.

Kwa kanisa la Reims lenyewe alitengeneza madirisha ya kikanisa kidogo cha nyuma kabisa, upande wa mashariki, yaliyowekwa mwaka 1974. Katikati ameweka pamoja Ibrahimu anayemtoa mwanawe na Kristo msalabani. Upande mmoja mti wa Yese, yaani ukoo wa Yesu, upande mwingine wafalme wa Ufaransa na ubatizo wa Clovis, mfalme wa kale wa Wafranki.

Na lililo zito zaidi ni Mainz, Ujerumani. Kanisa la Mtakatifu Stefano lilibomolewa na vita, na padri wa pale, Klaus Mayer, alimwandikia Chagall kumwomba dirisha. Chagall aliyekimbia Wanazi alikubali. Alitengeneza tisa kati ya 1978 na 1985, yote ya buluu, na alifariki Machi 1985 akiwa na miaka 97. Marq akaendelea na madirisha yaliyobaki kwa mtindo wake mwenyewe, mepesi, yasiyoshindana na yale ya mwenzake. Ukiingia Mainz hutaambiwa sana kuhusu hayo ya Marq. Yatafute.

Jambo hilohilo limefanyika Reims kinyume chake. Mwaka 2011, kanisa likitimiza miaka 800, walimpa Mjerumani, Imi Knoebel, madirisha yanayopakana na ya Chagall. Ni vipande vyenye ncha kali vya nyekundu, buluu na njano. Kanisa lililochomwa na mizinga ya Wajerumani limekubali vioo vya Mjerumani, na hilo kwangu lina uzito kuliko hotuba yoyote ya upatanisho niliyowahi kuisikia.

#9 Mchangiaji kutoka Nairobi

Uingereza nao wana hadithi kama hiyo, Coventry. Umeisahau?

#10 Mwanzisha uzi

Inakuja sasa hivi, na inaunganisha mji, turubai na kioo ndani ya mtu mmoja.

Usiku wa 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliipiga Coventry na kanisa kuu likaungua. Asubuhi yake John Piper, mchoraji aliyekuwa ameajiriwa kuchora athari za vita, alifika mjini kukiwa bado na moshi. Alichora kuta zilizobaki wazi, na picha ile ipo mpaka leo. Uongozi ukaamua magofu yaachwe yalivyo na kanisa jipya lijengwe ubavuni mwake kwa ramani ya Basil Spence. Lilizinduliwa Mei 1962, na dirisha la mahali pa ubatizo, ukuta mzima kuanzia sakafuni hadi darini, lilisanifiwa na Piper huyohuyo. Katikati ni mwale wa njano na nyeupe, pembeni unazama kwenye buluu na nyekundu nzito. Aliyeligeuza kuwa kioo ni Patrick Reyntiens, na walishirikiana miaka mingi.

Madirisha ya ukumbi mkuu wa kanisa hilo ni ya Lawrence Lee, Geoffrey Clarke na Keith New. Yamewekwa kwa pembe, ukiingia huyaoni. Unayaona ukishafika altareni na kugeuka nyuma.

#11 Mchangiaji

Mimi naomba kupingana kidogo. Chagall angalau ana Ibrahimu na Musa. Lakini nimeona picha za dirisha la Richter kwenye kanisa kuu la Köln, Ujerumani, ni vigae vya rangi tu. Hapo muumini anajifunza nini? Zamani madirisha yalikuwa Biblia ya wasiojua kusoma.

#12 Mwanzisha uzi

Hoja yako imewahi kutolewa na kardinali mwenyewe wa Köln, Joachim Meisner, kwa hiyo hauko peke yako. Alisema dirisha lile lingefaa zaidi msikitini au kwenye nyumba nyingine ya ibada, na siku ya uzinduzi, Agosti 2007, hakuwepo.

Dirisha la upande wa kusini liliharibiwa na Vita ya Pili, na baadaye likawekwa kioo cha kawaida. Waliomwita Gerhard Richter, mchoraji Mjerumani, walitaka wafia dini wa karne ya 20. Alijaribu, akaona hawezi. Akachukua picha yake ya zamani ya mwaka 1974 yenye miraba ya rangi 4,096, akailaza chini ya umbo la dirisha, na hapo akapata njia. Matokeo ni miraba 11,263 ya rangi 72, zilizochaguliwa kwa kufuata rangi za madirisha mengine ya kanisa hilo. Mpangilio ulitolewa na kompyuta kwa bahati nasibu, kisha sehemu za upande mmoja zikarudiwa upande mwingine kama kwenye kioo cha kujitazamia. Hakulipwa ujira. Vioo vilitengenezwa na karakana ya Derix ya Taunusstein, na miraba haikuungwa kwa risasi, imegandishwa kwa silikoni.

Kuhusu kujifunza, mkuu, nakuheshimu lakini sikubaliani. Madirisha mengi ya Chartres yako juu sana na yana picha ndogondogo kiasi kwamba mtu wa karne ya 13 aliyesimama chini asingeweza kuzifuata moja moja bila kuelezwa. Kilichomfikia kwanza kilikuwa nuru ya rangi ikishuka juu yake na juu ya nguzo. Hicho ndicho Richter amekibakiza. Jua la mchana likipiga pale Köln, rangi zinatembea sakafuni na kwenye nguzo za kijivu, na watu wananyamaza bila kuambiwa. Ila nakubali kwamba ungekuwa kanisa zima hivyo, ningekosa zile sura za watu.

#13 Mchangiaji

Na haya ya Notre-Dame ya Paris? Nasikia wanaondoa vioo vizima visivyo na kosa.

#14 Mwanzisha uzi

Hapo moto ni wa 15 Aprili 2019, na kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024. Yale madirisha makubwa matatu ya mviringo, waridi, yalinusurika. Mzozo ni wa madirisha sita ya vikanisa vya upande wa kusini, yaliyowekwa na Viollet-le-Duc, msanifu aliyelikarabati kanisa hilo karne ya 19, mengi ya kijivu na maumbo ya jiometri. Rais Macron na askofu mkuu wa Paris walitaka yaondolewe yawekwe ya kisasa. Tume ya taifa ya urithi ilipinga Julai 2024, na zaidi ya watu laki mbili walitia saini malalamiko. Hata hivyo Desemba mwaka huohuo alichaguliwa mchoraji Claire Tabouret, mada yake ni Pentekoste, ana watu wa rangi na nyuso mbalimbali. Na karakana iliyopewa kazi ni ileile Simon-Marq ya Reims.

Msimamo wangu: Reims, Metz, Mainz, Coventry na Köln, mchoraji aliitwa kuziba tundu lililoachwa na vita. Paris hakuna tundu. Vioo vya Viollet-le-Duc vilipita kwenye moto bila kuharibika, na havikustahili kung'olewa ili kumpisha mwingine. Nasema hivi nikiwa naipenda kazi ya Tabouret na nikiwa nawaamini mafundi wa Reims kuliko karibu wote. Ningeyatafutia madirisha yale kanisa lenye uhitaji.

#15 Mchangiaji

Naunga mkono. Mwakani nikijaliwa nitapita Ufaransa, nina siku mbili tu. Nianzie wapi?

#16 Mwanzisha uzi

Siku ya kwanza Reims. Treni ya kasi kutoka Paris haifiki saa nzima. Wahi asubuhi, kwa sababu vioo vya Chagall viko mashariki na mchana vinapoa. Uliza pia dirisha la wakulima wa zabibu la mwaka 1954, ni la Jacques Simon, na yale ya kijivu ya Brigitte, watu wengi wanapita bila kuyatazama.

Siku ya pili Chartres, na huko kaa mpaka alasiri, ili jua likishuka likute waridi la magharibi. Beba darubini ndogo. Picha za Monet zipo Orsay, hufungwa Jumatatu, kwa hiyo panga siku zako vizuri. Ukiwa na saa chache za ziada, treni ya Rouen inatoka stesheni ya Saint-Lazare, na makumbusho ya sanaa ya mji ule yana mojawapo ya picha zile. Unaitazama, kisha unatembea kidogo tu kulifuata kanisa lenyewe.